Jiwe Hili Limezaliwa Wapi? Kutofautisha Madini ya Asili na Fuwele za Viwandani

Mezani kwangu kuna jiwe jeusi lenye ukubwa wa ngumi. Ukiligeuza kwenye mwanga linatoa bluu, zambarau, kijani, kisha rangi ya dhahabu, mfano wa mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Limejaa vibamba vyembamba vya pembe sita vilivyosimama na kupishana, na kingo zake zinakata ngozi usipokuwa mwangalifu. Nilikwaruza kipande cha kioo kwa ncha ya kibamba kimoja. Bila kukaza mkono, mstari mweupe ukabaki kwenye kioo. Aliyeniuzia alikuwa amelibandika kikaratasi chenye maneno matatu: "Madini ya asili."

Ni fuwele kweli, na ni ngumu kweli, karibu ifikie almasi. Lakini haikuchimbwa popote. Ni silikoni kabidi, yaani muungano wa silikoni na kaboni, na ilipikwa kwenye tanuri la umeme.

Sidhani kama muuzaji alikusudia kunidanganya. Lugha yenyewe inatuchanganya. Kwa Kiswahili cha kila siku, madini ni dhahabu, ni vito, ni makaa ya mawe, ni chochote kinachotoka mgodini, na hata daktari akisema mwili wako umepungukiwa na madini hakuna anayeshangaa. Neno fuwele nalo tunalitumia kwa kitu chochote kinachometameta chenye nyuso bapa. Yakishikanishwa na neno asili, maneno hayo yanaonekana kama kitu kimoja, kumbe kila moja linajibu swali lake.

Fuwele inajibu swali la mpangilio. Ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangika kwa utaratibu mmoja unaojirudia upande huu na upande ule. Utaratibu huo haujali nani kaupanga. Chumvi iliyokauka ufukweni na chumvi iliyokauka kwenye sufuria zina atomu zilizopangwa sawasawa.

Madini, kwa maana ya wanasayansi wanaoyasomea, yanajibu swali jingine: yametokana na nini? Chama cha kimataifa cha wataalamu wa madini, IMA, kilichoundwa mwaka 1958, ndicho kinachoamua jina lipi liingie kwenye orodha ya madini na lipi likataliwe. Orodha hiyo sasa ina aina zaidi ya 6,000. Kwa mujibu wa maelezo yaliyochapishwa mwaka 1995 na mtaalamu Ernest Nickel, madini ni elementi au kampaundi ambayo kwa kawaida ni fuwele na ambayo imetokana na michakato ya kijiolojia. Maneno "kwa kawaida" yamewekwa makusudi, kwa sababu zebaki inayopatikana ardhini ni ya majimaji na bado imo kwenye orodha.

Mfano mwepesi kuliko yote ni barafu. Barafu iliyo kileleni mwa mlima ni madini, tena yanayotambuliwa rasmi. Barafu iliyoganda kwenye jokofu lako si madini. Maji ni yaleyale, atomu zimepangika vilevile, na hakuna kipimo cha kemia kitakachozitenga. Kinachozitenga ni historia. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya mkanganyiko inaondoka: anayeuliza kama jiwe ni la asili haulizi limeundwa kwa kitu gani, anauliza limepitia wapi.

Fuwele moja, wazazi wawili

Jiwe langu jeusi ndilo mwalimu mzuri wa jambo hili. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson alikuwa anatafuta kitu kigumu cha kusagia na kung'arishia. Alichanganya udongo wa mfinyanzi na makaa ya koki, akapitisha umeme mkali katikati, na baada ya mchanganyiko kupoa akakuta fuwele ndogo zinazong'aa. Alidhani amepata muungano wa kaboni na korundamu, madini magumu ya oksidi ya alumini, ndipo akaziita carborundum. Alikosea kuhusu kemia yake, lakini jina likabaki. Hadi leo silikoni kabidi inapikwa kwa matani, na iko kwenye misasa na mawe ya kunolea duniani kote. Vile vipande vyenye rangi za upinde wa mvua ni mabonge yanayotolewa kwenye matanuri hayo. Rangi si ya fuwele yenyewe. Ni utando mwembamba mno wa oksidi uliojijenga juu yake wakati wa kupoa, unaovunja mwanga kama utando wa povu la sabuni.

Miaka miwili baada ya Acheson, mwaka 1893, Mfaransa Henri Moissan alikuwa akichunguza vipande vya kimondo kilichoanguka Canyon Diablo, Arizona. Alikuta chembe ngumu ambazo mwanzoni alizidhania almasi, na mwaka 1904 akatangaza kwamba ni silikoni kabidi. Mwaka uliofuata zikapewa jina la madini kwa heshima yake: moisanaiti.

Lakini kuna wataalamu ambao hawakuridhika, na shaka yao iliendelea kwa miongo mingi. Sababu ilikuwa ya haki kabisa. Carborundum ilikuwa imeshaingia kwenye vyombo vya kukatia na kung'arishia mawe, kwa hiyo chembe aliyoiona Moissan ingeweza kuwa imedondoka kutoka kwenye kifaa kilichokata sampuli. Shaka hiyo ilipungua pale chembe kama hizo zilipopatikana zimefungiwa ndani ya almasi za asili, mahali ambapo msumeno hauwezi kuzipenyeza.

Kwa hiyo silikoni kabidi ya asili ipo. Ila ni chembe, na nyingi hazifiki hata milimita moja. Ukiona bonge la ukubwa wa ngumi, huhitaji maabara.

Mkono wa mtu unaishia wapi?

Laiti mambo yangeishia hapo: ya ardhini ni madini, ya kiwandani si madini. Kuna eneo la katikati, na huko ndiko ninakopapenda zaidi.

Chukua Laurion, pwani ya Ugiriki. Wathene wa kale walichimba na kuyeyusha fedha na risasi huko, wakatupa mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyushia, kando ya bahari. Maji ya chumvi yakapenya kwenye vitundu vya yale mabaki, yakaila risasi polepole kwa zaidi ya miaka 2,000, na ndani ya vitundu vikaota fuwele ndogo safi za kloridi ya risasi, zikiwemo zile zilizoitwa fidleraiti na penfildaiti. Jiwe lilitengenezwa na mtu. Fuwele zilitengenezwa na bahari. Je, ni madini? Wanasayansi wa zamani walisema ndiyo na kuyaingiza kwenye orodha. Kanuni za sasa zinasema kitu kilichotengenezwa na binadamu kisha kikabadilishwa na asili hakikubaliki, ingawa yale yaliyokwisha kuingia hayakufukuzwa. Naona uamuzi huo una mantiki. Bila huo, kila bomba lenye kutu na kila ukuta wa saruji unaochanua chumvi ungekuja kudai jina lake.

Sasa linganisha na handaki la mgodi. Watu wamechimba, hewa na unyevu vimeingia, pairaiti, madini ya chuma na salfa, iliyokuwa imelala salama ndani ya mwamba inaanza kuoza, na baada ya miaka kadhaa kuta zinajaa ukoga wa njano, kijani na bluu wa salfeti mbalimbali. Hizo zinakubaliwa kuwa madini, kwa sharti kwamba mwamba haukuwekwa wazi kwa lengo la kuzalisha vitu hivyo. Mkono wa mtu umefungua mlango tu. Aliyepika ni asili.

Moto unaleta ugomvi mkubwa zaidi. Kwenye milima ya taka za migodi ya makaa ya mawe huko Chelyabinsk, Urusi, taka ziliwaka zenyewe kwa ndani kwa miaka mingi, na mtaalamu wa madini Boris Chesnokov aliorodhesha humo vitu vingi ambavyo havikuwa vimeonekana kwingine. Majina mengi aliyoyapendekeza hayakukubaliwa, kwa kuwa ile milima ilirundikwa na watu. Lakini Ravat, Tajikistan, ambako tabaka la makaa linaungua lenyewe chini ya ardhi, fuwele zilizogandishwa na gesi za moto huo zilipewa jina la ravataiti na kupokelewa bila tatizo.

Kisa cha tinunkulaiti ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi historia inavyopima. Chesnokov aliikuta Chelyabinsk mahali ambapo kinyesi cha ndege aina ya kozi kilikutana na gesi za moto wa taka, akaipa jina kutokana na jina la kisayansi la ndege huyo, Falco tinnunculus. Haikutambuliwa. Baadaye fuwele zilezile zilikutwa katika milima ya rasi ya Kola, kwenye kinyesi cha ndege juu ya mwamba wa kawaida, bila taka wala mgodi unaowaka. Ikakubaliwa.

Mwaka 2017 mtaalamu wa madini Robert Hazen na wenzake watatu walipekua orodha nzima ya IMA na kutenga aina 208 ambazo zimetokea hasa, au pekee, kwa sababu ya shughuli za binadamu. Humo kuna abhuraiti, iliyoota juu ya vipande vya bati katika meli iliyozama Bahari ya Shamu. Humo pia kuna kalklasaiti, ambayo ilionekana juu ya mawe ya chokaa yaliyohifadhiwa kwenye droo za mbao za mwaloni ndani ya makumbusho: mbao zilikuwa zikitoa mvuke wa asidi, nao ukila mawe taratibu. Fikiria mtunza makumbusho akivuta droo na kukuta sampuli yake imeota manyoya meupe.

Kulisoma jiwe

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Umepewa jiwe, huna maabara. Unaangalia nini?

Mimi naanza na majirani zake. Madini ya asili mara chache huishi peke yake. Yanaota pamoja na mengine yaliyohitaji joto, maji na kemia kama yake. Mfano ni zinkaiti, yaani oksidi ya zinki. Ya asili ilipata sifa kutoka migodi ya Franklin na Sterling Hill, New Jersey, na huko inaonekana kama punje nyekundu ya damu iliyobanwa kati ya franklinaiti nyeusi, kalsaiti nyeupe na wilemaiti inayowaka kijani chini ya taa ya urujuanimno. Fuwele zake zilizokamilika ni adimu mno. Zile fuwele ndefu, angavu, za rangi ya chungwa, njano au kijani zinazouzwa kila mahali zilitoka kwenye matanuri ya zinki nchini Poland, ambako mvuke wa zinki ulipenya kwenye nyufa na dohani, ukakutana na oksijeni na kuganda. Hakuna aliyezikusudia, zilijiotea zenyewe wakati watu wakitafuta kitu kingine. Ni nzuri sana. Ila hazina jirani hata mmoja, na huo ndio ushahidi.

Mwenye jirani naye achunguzwe. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, unaota kirahisi mno ukiacha maji yake yakauke, na fuwele za bluu kali juu ya kipande cha mwamba zinaweza kupatikana kwa siku chache. Ule unaoota wenyewe migodini kwa kawaida ni nyuzi na ukoko, si fuwele kubwa zenye kingo safi. Geuza jiwe: kama fuwele zimefunika hata upande uliovunjika juzi, au kuna gundi shinani, umepata jibu. Tone moja la maji pia litauyeyusha mrututu. Tafadhali usijaribu kwa ulimi kama wakusanyaji wengine wanavyofanya na chumvi ya mawe. Mrututu ni sumu, asili au si asili.

Halafu naangalia umbo. Bismuthi inayeyuka kwenye nyuzi joto 271 tu za Selsiasi, kwa hiyo mtu yeyote mwenye jiko anaweza kuiyeyusha na kuipoza hadi itoe zile ngazi za mraba zinazozunguka kuelekea ndani, zenye rangi za upinde wa mvua. Bismuthi ya asili huwa ni punje na vipande vyenye rangi ya fedha iliyogeuka wekundu kidogo, vimejishika kwenye mwamba. Ngazi zile kubwa za rangi ni kazi ya mikono, karibu bila ubaguzi.

Mavi ya chuma yamewashinda wengi. Ni kioo kizito cha bluu, kijani au cheusi, kina viputo vya duara na mistari ya kutiririka, na pengine vishanga vya chuma vinavyorukia sumaku. Viputo peke yake havitoshi kulihukumu jiwe, kwa sababu hata lava huwa navyo. Lakini bonge la kioo lenye bluu ya anga, lisilo na volkeno yoyote karibu na lilikookotwa, karibu kila mara limetoka tanurini. Hata wataalamu wamenaswa hapa. Fayalaiti ilipewa jina la kisiwa cha Faial huko Azores kwa kuaminiwa kuwa ilitoka kwenye miamba ya volkeno ya kisiwa hicho. Baadaye ikashukiwa kwamba sampuli ile ya kwanza ilikuwa mavi ya chuma yaliyoletwa na meli kama uzito wa kuisawazisha. Fayalaiti ya asili ipo tele, kwa bahati nzuri, na jina likasalimika.

Kwenye vito, jicho linahitaji msaada wa lenzi ya mkono. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza yakuti nyekundu: unga wa alumina, yaani oksidi ya alumini, unanyunyizwa kupitia mwali wa moto, unayeyuka na kudondokea juu ya kichwa cha mviringo kinachokua taratibu. Kwa kuwa kichwa ni cha mviringo, tabaka za ndani zinapinda, na ukiligeuza jiwe chini ya lenzi unaziona kama mifereji ya santuri. Yakuti ya ardhini inakua kwa nyuso bapa, hivyo mistari yake ya ukuaji inanyooka na kukutana kwa pembe. Kwatzi inayooteshwa ndani ya mitungi ya chuma yenye shinikizo na maji ya moto, kwa ajili ya saa na redio, nayo inajitaja: katikati mwake kuna kipande bapa cha mbegu, na pengine mabaki ya waya uliokining'iniza.

Almasi inatoa ushahidi ambao mimi hunigusa kuliko mwingine wowote. Desemba 1954 watafiti wa General Electric walifanikiwa kutengeneza almasi kwa shinikizo na joto kali, wakitumia metali iliyoyeyuka kama kiyeyushi. Baadhi ya almasi za aina hiyo bado zina punje za metali ndani na huvutwa na sumaku yenye nguvu. Lakini tofauti ya ndani zaidi iko kwenye naitrojeni. Ndani ya almasi iliyotengenezwa kwa siku kadhaa, atomu za naitrojeni kwa kawaida zimetawanyika mojamoja. Ndani ya almasi nyingi sana za asili, zimekusanyika mbilimbili au kwa makundi, kwa sababu zilikaa katika joto la kina kirefu cha dunia kwa mamilioni ya miaka zikitembea polepole hadi zikakutana. Kipimo cha mionzi ya infraredi kinauona mkusanyiko huo. Huo ni muda wenyewe, umeandikwa ndani ya jiwe.

Kuna kundi la tatu ambalo halipaswi kuchanganywa na hayo: mawe ya ardhini yaliyofanyiwa kazi baadaye. Amethisti ikichomwa inageuka njano na kuuzwa kama sitrini. Kwatzi safi ikipakwa mvuke wa metali inatoka na rangi za ajabu. Jiwe ni la asili, rangi si ya asili, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Sampuli ya Florence

Wakati mwingine hata wenye maabara hawakubaliani. Mwaka 1982 mwanasayansi Dan Shechtman aliona kwenye hadubini ya elektroni mpangilio wa atomu ambao una utaratibu lakini haujirudii, kinyume na fuwele zote zilizojulikana. Vitu hivyo vikaitwa kwasikristali, na mwaka 2011 vikampatia Tuzo ya Nobel ya Kemia. Vyote vilikuwa vya maabara. Wanasayansi Luca Bindi, akiwa Florence, Italia, na Paul Steinhardt, akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walijiuliza kama asili nayo imewahi kutengeneza kimoja, na mwaka 2009 wakatangaza wamekipata ndani ya sampuli ndogo ya makumbusho ya Florence iliyosemekana kutoka mashariki ya mbali ya Urusi.

Upinzani ulikuja mara moja, tena wenye hoja. Sampuli ilikuwa na alumini ya metali. Alumini hushikana na oksijeni kwa nguvu sana hivi kwamba kuikuta tupu katika mwamba ni jambo la ajabu, lakini kuikuta kwenye taka za kiwanda ni kawaida. Waliosema ni mavi ya tanuri hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanafanya kile ambacho nimekuwa nikikieleza hapa.

Jibu lilitoka kwenye majirani. Chembe moja ya kwasikristali ilikutwa imefungiwa ndani ya stishovaiti, aina ya silika inayozaliwa kwa shinikizo kubwa ambalo tanuri la kuyeyushia halina. Kisha isotopi za oksijeni, yaani atomu za oksijeni zinazotofautiana uzito, katika madini yaliyoizunguka zikapimwa, na uwiano wake haukuwa wa dunia hii. Ulilingana na vimondo vya zamani. Mwaka 2011 msafara ulikwenda hadi Milima ya Koryak, ukachekecha udongo wa kijito na kurudi na chembe nyingine za kimondo kilekile. Kwasikristali hiyo, ikosahedraiti, imo kwenye orodha ya IMA.

Mwaka 2021 Bindi, Steinhardt na wenzao wakatangaza nyingine. Hii waliikuta ndani ya trinitaiti nyekundu, kioo kilichobaki jangwani New Mexico baada ya bomu la kwanza la nyuklia kuyeyusha mchanga pamoja na mnara na nyaya za shaba za vifaa vya kupimia. Ilizaliwa kwa mshtuko na joto la ghafla, kama ile ya kimondo. Haitaingia kwenye orodha. Na tofauti na madini yote yaliyomo humo, saa yake ya kuzaliwa inajulikana: tarehe 16 Julai 1945, saa 11:29 alfajiri.